Kisu chini ya koti ya zamu: sosiete zinanyamaza, zamu ndiye anayejibu

LUBUMBASHI. Zamu anayeanza kazi katika sosiete ya ulinzi hapa mjini anapewa vitu vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: nguo za kazi, kofia, filimbi, matraki na, kama patroni ni mwema, tochi. Anatia sahihi kwamba amevipokea na kwamba kimoja kikipotea kitakatwa kwenye mshahara wake. Kitu cha sita hakiandikwi popote. Ni kisu. Anakinunua mwenyewe kwa pesa yake, baada ya usiku ule wa kwanza ambapo mtu alitikisa lango saa nane na hakujibu alipoulizwa jina.

Kila mtu anajua. Shefu wa poste anajua, kwa sababu yeye pia alianza hivyo. Mkaguzi anayepita na pikipiki usiku wa manane anajua, na mara nyingine anakiazima kukata kamba ya mzigo wake. Mwenye nyumba anajua, maana amemwona papa zamu akimenya muwa nacho mchana kweupe. Lakini waulizwe kwa maandishi kama zamu wao anaruhusiwa kubeba kisu kazini, wote watatu watatazama pembeni. Ukimya huo ndio wa kushambuliwa kwanza, kabla ya kisu chenyewe.

Tuanzie kwa sheria, maana ndiyo iliyoleta hali hii. Kongo hairuhusu wazamu wa sosiete binafsi kubeba bunduki. Ndiyo sababu mbele ya benki anaonekana polisi wa PNC na silaha yake, amekaa kando ya zamu mwenye matraki tu. Mteja tajiri analipia polisi. Lakini kwa nyumba ya kawaida ya Bel-Air, depo ya mahindi katika komine Kenya au shantie ya Ruashi yenye saruji na vyuma, zamu ni mmoja, usiku ni mrefu, na SNEL inaweza kukata umeme saa mbili na kuurudisha asubuhi. Juni na Julai baridi inashuka mpaka kwenye mifupa, mtu anajifunika koti mbili na kukumbatia mbabula. Kumwambia zamu huyo kwamba hapaswi kuwa na chochote kiunoni ni rahisi sana kwa yule anayelala ndani.

Kwa hiyo mazungumzo ya wazamu juu ya kisu kipi ni kizuri si ya kuchekwa. Ni watu wanaotafuta namna ya kufika asubuhi. Tatizo ni kwamba wanaachwa wazungumze peke yao, na soko ndilo linalowafundisha.

Kinachonunuliwa zaidi ni kisu cha jikoni chenye mpini wa plastiki. Kinapatikana kila mahali na hakimshangazi mtu. Kwa kazi hii ni kisu kibaya. Hakuna kitu kinachozuia mkono kuteleza kutoka kwenye mpini mpaka kwenye makali, na mkono wa mtu mwenye hofu huwa na jasho, au mvua, au ganzi ya baridi. Watu wengi waliotumia kisu cha namna hiyo katika pigano wamejikata vidole vyao wenyewe. Chuma chake ni chembamba na kinaingia kidogo tu ndani ya plastiki. Kikipata nguvu ya upande kinavunjika. Halafu hakina ala. Zamu anakikunja katika katoni, anafunga na mpira wa ndani wa baiskeli, anakitia mfukoni, kisha anakaa, anasinzia, anageuka. Paja lake liko karibu na kisu hicho kuliko mwizi yeyote wa Lubumbashi.

Cha pili ni kisu cha kukunja, kile chenye rangi na picha ya fuvu, kinachofunguka kwa sauti. Vijana wanakipenda. Kukifungua kunahitaji mikono miwili, au kidole kimoja chenye ufundi, na hofu ndiyo inayonyima vidole ufundi. Kwa visu vya bei ndogo kile kifungo kinacholishika jani lisijikunje kinalegea baada ya miezi michache, na siku ya kazi jani linawafungia vidole vya mwenyewe. Isitoshe, ni kisu kilichotengenezwa kukaa mfukoni bila kuonekana, na polisi anayekitoa huko hatauliza maswali ya upole.

Kuhusu baioneti zinazouzwa kwa kunong'onezana, maneno machache yatosha. Ni mali ya jeshi. Raia anayekutwa nayo usiku ana maelezo mengi ya kutoa na wasikilizaji wachache. Panga nalo libaki kwenye majani asubuhi, ambako lina kazi ya kweli.

Kinachobaki, na wazamu wazee wenyewe wanakubali, ni kisu kifupi kisichokunjwa. Jani la sentimita saba hadi tisa, yaani upana wa vidole vinne, linatosha kwa kila kitu ambacho zamu ana haki ya kukikata. Chuma kiwe kimoja kutoka ncha mpaka mwisho wa mpini, misumari iliyoshika mbao ikionekana pande zote mbili. Mpini ujaze kiganja, uwe wa mbao iliyokwaruzwa au wa mpira, usiwe wa kung'aa. Mbele ya mpini kuwe na kizuizi au uvimbe wa kuzuia vidole. Makali yawe upande mmoja tu: kisu chenye makali pande mbili hakina kazi nyingine isipokuwa kuchoma mtu, na hakimu naye anajua hilo. Wahunzi wanaopiga chuma cha resori za magari wanaweza kukitengeneza vizuri kuliko kile cha dukani, ila chuma hicho kinashika kutu upesi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili kinataka kupanguswa na kupakwa mafuta kila baada ya usiku wa mvua.

Ala ndiyo nusu ya kisu, na ndiyo wengi wanaisahau. Iwe ngumu, ya plastiki nene au ngozi iliyoshonwa na kupigwa misumari. Ipinduliwe juu chini na kutikiswa: kisu kikianguka, ala hiyo haifai. Ikae kwenye mkanda, nje ya koti, mahali ambapo mkaguzi, mwenye nyumba na polisi wote wanaiona bila kupapasa. Kisu cha wazi chenye kazi ya kila siku, cha kukata kamba za magunia, kufungua katoni, kuchana kitambaa cha kufunga jeraha, kinajieleza chenyewe. Kile kinachotoka chini ya koti mbili hakina maelezo.

Basi, tuseme zamu amepata kisu hicho. Kitamfanyia nini usiku?

Mwaka 1983 askari mmoja wa polisi ya Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio alilolifanya katika mafunzo. Alitaka kujua mtu mwenye kisu anahitaji muda gani kukimbia futi 21, karibu mita sita na nusu, na kumfikia mwenzake. Jibu lilikuwa kama sekunde moja na nusu. Tueller alikuwa akiwaonya polisi wenye bastola kwamba wanaweza kuchelewa kuichomoa. Zamu wa Kampemba hana bastola. Ana koti mbili, mikono yenye ganzi, na parsele ambayo kutoka lango mpaka kiti chake mara nyingi hazifiki mita sita. Ndani ya sekunde moja na nusu hata hajasimama. Kinachomwongezea sekunde ni kile kinachomchelewesha adui: mnyororo kwenye lango, kidirisha cha kuchungulia kabla ya kufungua, mbwa anayebweka, taa inayomulika nje badala ya kumulika uso wa zamu mwenyewe. Vitu hivyo vyote ni vya mwenye nyumba kununua. Labda ndiyo maana watu wanapenda zaidi kuzungumza juu ya kisu.

Na kuna jambo gumu zaidi, ambalo wauzaji wa ujasiri hawapendi kulisikia. Majambazi wanaomtisha zamu kweli, wale wanaovamia nyumba kwa kikundi, mara nyingi wanakuja na bunduki na wanajua wanachokitafuta. Mbele yao kisu cha sentimita nane ni sababu ya kupigwa risasi na hakuna kingine. Kwa hiyo kisu hakimfikii yule ambaye kilinunuliwa kwa ajili yake. Kinamfikia nani basi? Kinamfikia mlevi aliyekosea lango. Kinamfikia mtoto wa barabarani aliyeruka ukuta kuchukua waya au sufuria. Kinamfikia mgonjwa wa akili anayetembea usiku, na fundi aliyefukuzwa jana anayerudi kudai pesa yake. Kinamfikia hata mtoto wa patroni mwenyewe, aliyetoka bila ruhusa na anapanda ukuta saa tisa usiku ili mama asisikie lango. Wazamu wote wa mji huu wanamjua mtoto huyo. Kisu ni kidogo mno kwa yule wanayemwogopa, na ni kikubwa mno kwa wale wanaokutana nao.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapo ndipo sosiete inapotoka.

Zamu wengi wanaamini kwamba mtu akiingia ndani ya parsele usiku, lolote litakalompata ni halali yake. Si kweli. Kanuni ya adhabu ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, haina hata kifungu kilichoandika wazi haki ya kujitetea kama watu wanavyodhani. Mahakama zinaikubali haki hiyo kama kanuni ya jumla ya sheria, kisha zinaipima: je, shambulio lilikuwa linatokea wakati ule ule, au mtu alikuwa tayari anakimbia? Je, kulikuwa na njia nyingine? Je, kilichotumika kinalingana na hatari iliyokuwepo? Mwizi aliyetupa redio na kugeuza mgongo hashambulii tena mtu. Jeraha la mgongoni daktari atalisoma na kuliandika, na karatasi yake itafika mezani kwa hakimu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kumjeruhi mtu kwa makusudi, jeraha la kawaida, ni kifungo cha siku nane hadi miezi sita. Jeraha likileta ugonjwa au kumfanya mtu asiweze kufanya kazi, au kiungo kikapoteza nguvu yake, ni miaka miwili hadi mitano. Mtu akifa ingawa hukukusudia kumuua, ni miaka mitano hadi ishirini. Mahakama ikisema ulikusudia, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kati ya kidole kilichokatwa na kifo kuna sentimita chache za giza, na hakuna zamu duniani anayeweza kuahidi kwamba mkono wake utachagua vizuri katika sekunde hiyo.

Baada ya tukio, mambo yanakwenda kwa utaratibu ambao kila mtu wa mji huu anaujua. OPJ anaandika PV. Zamu analala kwenye kasho, anapelekwa parke, na kutoka parke njia ya Kasapa ni fupi. Mwakilishi wa sosiete anakuja asubuhi na fayili yake. Ndani ya fayili kuna ile karatasi yenye vitu vitano na sahihi ya zamu chini. Kisu hakimo. Sosiete haikukitoa, haikukiruhusu, haikukijua. Na kwa karatasi, inasema ukweli! Ule ukimya ambao kila usiku ulimfaa kila mtu, asubuhi hiyo unamfaa mmoja tu.

Mambo yakienda kinyume, zamu akijeruhiwa, ukimya unafanya kazi ile ile. Ajali ya kazini inahusu CNSS, kama zamu ametangazwa huko. Na wapo wengi wanaofanya kazi kwa mwezi wa kumi na mbili, wa ishirini, bila kutangazwa. Aliyejikata kwa kisu chake mwenyewe, kisicho kwenye orodha, anampa mwajiri sababu nzuri ya kubisha. Hakuna pia anayemwambia kwamba damu ya mtu mwingine ikigusa jeraha lake anapaswa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Dawa za kuzuia UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Zamu anaosha mkono kwa maji ya bomba, anafunga na kitambaa, anaendelea kulinda.

Kuna hatari nyingine ambayo miaka michache iliyopita haikuwa na ukali huu. Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo lililokuwepo tangu 2003, na kati ya makosa iliyoyataja ni ujambazi wa mijini unaoua watu. Mwishoni mwa mwaka huo ukaanza msako wa kuluna, na mahakama za kijeshi zikatoa hukumu za kifo. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga, huo ni mjadala mwingine. Lakini fikiria zamu anayetoka kazini saa kumi na moja alfajiri kwa miguu. Nguo za kazi ameziacha kwenye poste, kama sosiete nyingi zinavyotaka. Amevaa koti kuukuu, hana kadi, na mfukoni ana kisu kilichofungwa na mpira wa baiskeli. Patroli inayokutana naye haioni zamu. Inaona kile ilichotumwa kukitafuta.

Sosiete zina majibu yao, na yanastahili kusikilizwa. Jibu la kwanza: wazamu wenyewe ndio wanataka visu. Ni kweli. Wanataka kwa sababu kati ya vyote vinavyoweza kuwalinda, kisu ndicho pekee kinacholingana na mfuko wao. Zamu hawezi kujinunulia mwenzake wa zamu ya usiku. Hawezi kujengesha kidirisha kwenye lango la mtu. Zamu wa pili analipwa kila mwezi na sosiete. Kisu kinalipwa mara moja, tena na zamu. Mwenye kufanya hesabu ataona haraka ni nani anayefaidi kwa upendeleo huo.

Jibu la pili ni kwamba wateja hawataki kulipa zaidi. Hilo nalo ni kweli kwa nusu. Mteja yule yule aliyekataa kulipia zamu wa pili ameweka nyaya za miiba juu ya ukuta, kamera ya mbele na geti la chuma la milioni za franga. Pesa ipo, inafuata kile ambacho sosiete imemwambia kinamlinda. Na katika avenyu ambazo hazina pesa hiyo, wakaaji wamewahi kufanya kitu cha busara bila sosiete yoyote: wanaelewana kwa filimbi. Nyumba moja ikipiga, zote zinawasha taa na kupiga mabati. Mwizi anaogopa watu kumi walioamka kuliko zamu mmoja mwenye kisu. Ila hapo pia shefu wa avenyu anapaswa kuwa imara, maana watu kumi walioamka wanaweza kumchoma mtu kwa moto kabla polisi hawajafika, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kisu.

Jibu la tatu halisemwi hadharani, lakini linasemwa kwenye buro: zamu asiye na kisu atakimbia. Wanaosema hivi wanadhani kazi ya zamu ni kupigana. Hakuna kontra inayomlipa mtu mshahara wa zamu ili afe kwa ajili ya televisheni ya mtu mwingine. Kazi yake ni kuona mapema, kupiga kelele, kumulika, kupiga simu, na kukaa upande wa pili wa mlango mpaka wengine waje. Zamu aliyerudi nyuma, akapuliza filimbi na kuwaamsha majirani amefanya kazi yake yote. Akidharauliwa kesho yake kwa sababu hakuchomoa kisu, mwenye kudharau ndiye anayezalisha maiti za keshokutwa.

Kanuni ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Haisemi kwamba mfanyakazi ajinunulie usalama sokoni. Kwa hiyo sosiete ichague, na ichague kwa maandishi. Kama inaona kisu ni chombo cha kazi, basi ikinunue yenyewe, kifupi, chenye ala, kivaliwe nje, kiwekwe kwenye orodha pamoja na filimbi, na zamu aelezwe kabla ya usiku wa kwanza nini anaruhusiwa kukata na lini kisu kinapaswa kubaki kwenye ala hata kama anatukanwa na kurushiwa mawe. Na siku mambo yakiharibika, wakili wa sosiete aketi upande wake. Kama inaona kisu hakifai, ikikataze wazi, imkague zamu anapoingia, lakini usiku huo huo impe kinachokaa mahali pa kisu: tochi yenye mwanga wa kweli na betri zake, simu yenye uniti, namba za shefu na za polisi wa komine zilizojaribiwa, mnyororo, kidirisha, na mwenzake kwa poste zile ambazo zimekwisha kuvamiwa.

Kati ya njia hizo mbili, ya pili ndiyo inayookoa watu wengi zaidi, kwa sababu zile ambazo zimekwisha kuelezwa juu ya yule mtoto anayepanda ukuta. Lakini hata ya kwanza ni ya heshima. Hii ya sasa, ya kutazama pembeni, haina heshima yoyote.

Zamu ambaye tayari ana kisu chake hana haja ya kungoja sosiete iamke. Anaweza kukitoa chini ya koti leo na kukivaa wazi. Akiambiwa akifiche, basi amepata jibu lake, na aombe jibu hilo liandikwe. Atembee na nakala ya kontra au kadi ya kazi asubuhi anaporudi nyumbani, na kisu kibaki kwenye poste. Na wanapokuwa wengi katika sosiete moja, waende pamoja kwa shefu wa wafanyakazi na ombi la mistari mitatu: kisu kinaruhusiwa au hakiruhusiwi, kama kinaruhusiwa, ni kipi na nani anakitoa, kikitumika, nani anasimama na zamu mbele ya parke. Buro ina mashine inayochapa karatasi ya kumkata mtu mshahara kwa kofia iliyopotea, kwa hiyo na hii inaweza kuichapa. Sahihi mbili chini, muhuri, na nakala moja ibaki mikononi mwa zamu.